Garimoshi la Sinema na Shuka Jeupe la Buha

Neno utamaduni linapotajwa, aghalabu fikra za watu hukimbilia ngoma, mavazi, mapishi na hadithi za wazee. Hapana ubaya katika hilo. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, tunajivunia ngoma zetu, ng'ombe wetu wenye pembe ndefu, na maamkizi yetu ambayo mgeni huyaona kuwa marefu kupita kiasi mpaka atambue kwamba ndani yake mna habari zote za nyumba. Lakini katika makala haya tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa sehemu ya utamaduni wetu, nalo ni sinema. Na ili jambo hilo lieleweke, hatuna budi kueleza pia maisha na kazi ya Alexander Medvedkin, mwongozaji wa filamu wa Kirusi aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1989. Msomaji atauliza: Mrusi huyo ana uhusiano gani na Buha? Tunamwomba avute subira kidogo, kwani jibu linaanzia katika kiwanja cha mpira cha shule yetu.

Wakati wa kiangazi cha mwaka 1975, gari la sinema lilipanda kutoka Kigoma mjini, likapita Kasulu, likafika kijijini kwetu kabla ya kuendelea na safari yake ya Kibondo. Lilikuwa Land Rover lenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Mchana kutwa lilizunguka likitangaza, na jua lilipokuchwa kiwanja kilikuwa kimejaa watu kuliko siku ya gulio. Mtumishi aliyekuja nalo tulimwita Bwana Sinema, kama tulivyozoea kusema Bwana Shamba na Bwana Afya. Alitundika shuka jeupe baina ya miti miwili, akawasha jenereta nyuma ya darasa ili kelele zake zisitusumbue, akafunga mkanda katika projekta. Watu walikuwa wengi mno hata nusu yao wakaketi upande wa nyuma wa shuka. Huko nyuma picha zilionekana vilevile, ila kinyume. Maandishi yalikwenda kutoka kulia, na watu wote katika filamu walikula kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja aliyeketi huko alisikitika sana, akasema kwamba mkoa ule unaoonyeshwa una mavuno mema lakini hauna malezi.

Filamu yenyewe ilihusu kijiji cha mfano cha mkoa mwingine. Tuliona watu wakilima kwa safu huku wakiimba, trekta likipita, watoto wakipimwa uzito, na mwenyekiti wa kijiji akieleza mipango ya mwaka. Sisi watoto tulipiga makofi kila trekta lilipotokea. Filamu ilipokwisha, Bwana Sinema, ambaye alikuwa mtu mpole, aliuliza kama kuna mwenye swali. Wanaume walinyamaza. Bibi yetu akasimama, akakaza kanga yake kiunoni, akasema: "Mwanangu, tumewaona watu wa huko, na tumewafurahia. Je, wao wametuona sisi?" Watu wakacheka. Bwana Sinema naye akacheka kidogo, kisha akajibu kwa adabu: "Bibi, mashine hii inaonyesha tu. Haioni."

Wakati huo hatukuutambua uzito wa maneno hayo. Ili msomaji autambue, yafaa tueleze hali ya siku zile. Operesheni ya kuhamia vijijini ilianza katika Mkoa wa Kigoma mwaka 1972, mapema kuliko katika mikoa mingi, kabla kuishi vijijini hakujawa amri ya nchi nzima mwishoni mwa mwaka 1973. Waha hatukuwa na desturi ya kujenga nyumba kwa mistari. Kila mji ulikuwa juu ya mgongo wake wa kilima, umezungukwa na migomba, na makaburi ya wazee yalikuwa karibu. Katika muda mfupi tukahamishiwa kando ya barabara. Hatusemi hayo ili kuilaumu nia ya vijiji. Shule tuliyosoma ilijengwa kwa ajili ya mpango huo, na wengi wetu tunaoandika leo tusingeshika kalamu bila shule hiyo. Lakini palikuwa na mambo ambayo hayakusemwa popote, si redioni wala katika mikutano. Siku ya kuhama, bibi alichimbua machipukizi matatu ya migomba aliyoachiwa na mama mkwe wake, akayabeba kichwani kwa mwendo wa saa nne. Udongo wa kando ya barabara ulikuwa wa changarawe. Mawili yalikufa, na la tatu lilizaa mkungu mdogo ambao bibi hakumruhusu mtu yeyote kuula mpaka wazee wa jirani walipokwisha kuitwa. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo moyoni alipouliza kama watu wa mkoa ule wametuona.

Mashine inayoonyesha bila kuona haikuanza katika enzi ya Uhuru. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema ya elimu kwa watu waliowaita Wabantu. Walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30, zikiwamo za ugonjwa wa safura, za kodi, na za faida ya kuweka akiba posta, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, na mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, lakini aliyeamua kisemwe nini hakuwa Mwafrika. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, London iliunda idara maalumu ya filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, alifundisha kwamba filamu ya Mwafrika lazima iende polepole, isirukeruke kutoka picha moja hadi nyingine, kwa kuwa mtazamaji huyo hataweza kufuata. Sisi tulimwona bibi ambaye hakujua kusoma akiitazama filamu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliifuata yote, na juu ya hayo akagundua kilichokosekana ndani yake.

Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 zikatoka filamu za kwetu kama vile Fimbo ya Mnyonge. Hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Wananchi wenyewe walishika kamera, na lugha iliyosikika ilikuwa Kiswahili. Hata hivyo, njia ya gari la sinema ilibaki ileile. Lilipanda vilima likiwa limebeba picha, na liliporudi mjini halikubeba picha yoyote.

Sasa tumgeukie Mrusi wetu. Kazi yake kubwa aliifanya ndani ya garimoshi, na chombo hicho kina historia yake kwetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Haikupanda Kasulu wala Kibondo, lakini iliwachukua watu wa huko. Katika enzi ya Waingereza wanaume wengi wa Kiha waliandikishwa na kupakiwa kwenda kukata mkonge mashariki mwa nchi. Ndio walioitwa manamba. Babu yetu alikuwa mmojawapo. Kwa mama wa Buha, garimoshi lilikuwa kitu kinachomchukua mume na pengine kuleta barua, na pengine kisilete. Kwa hiyo tulistaajabu sana tuliposikia, tukiwa watu wazima, kwamba kulikuwa na garimoshi lililokwenda kwa wafanyakazi na wakulima ili kuwatazama, na kuwarudishia pale pale kile lilichokiona.

Medvedkin alizaliwa Penza, na katika ujana wake alipigana katika jeshi la farasi la Wabolsheviki. Huko jeshini alianza sanaa kwa namna ambayo mtu wa Buha ataielewa mara moja. Alitunga mchezo ambao ndani yake askari waliovaa vichwa vya farasi walifanya mkutano, wakawalalamikia wenzao wanaowapanda bila kuwatunza. Wanyama wetu katika hadithi za jioni nao husema yale ambayo binadamu huogopa kuyasema. Askari walicheka, lakini kila mmoja alijua ni farasi wa nani aliyelalamika.

Alipoingia katika kazi ya filamu, Medvedkin alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona kuwa ndoto. Mwaka 1932 ndoto hiyo ilianza safari. Ilikuwa na mabehewa matatu na watu 32. Katika nafasi hiyo finyu mlikuwa na mahali pa kulala, chumba cha kusafishia mikanda, meza za kuiunganisha, na mashine za kuionyesha. Kwa muda wa siku 294 garimoshi hilo lilikwenda penye migodi, viwanda na mashamba ya ushirika, na filamu fupi zipatazo 70 zilitengenezwa humo. Shabaha yao ilikuwa moja: kinachopigwa picha leo kionyeshwe kesho, mbele ya watu walewale waliopigwa picha.

Na tutazame kazi hiyo ilivyoendeshwa, maana humo ndimo ulimo ubora wake. Mpiga picha alishuka, akaingia mgodini au kiwandani, akapiga picha mambo yalivyo: mtambo uliolala kwa sababu ya kipuri kimoja, chakula kibovu, bweni chafu, kiongozi anayelala kazini. Usiku mikanda ilisafishwa ndani ya behewa na kuunganishwa. Kisha wafanyakazi waliitwa, wakajiona wenyewe. Baada ya onyesho taa ziliwashwa na mjadala ukaanza: nani amesababisha hali hii, nayo itarekebishwa vipi? Katika filamu hizo kumo moja iliyopigwa kwa wachimba madini, ambayo jina lake kwa lugha yetu lingekuwa: Waishije, Ndugu Mchimbaji? Jina hilo lilitugusa. Neno la Kirusi tulilolifasiri kwa ndugu ndilo walilotumia Warusi kuitana baada ya mapinduzi, kama sisi tulivyoitana ndugu katika enzi ya TANU na CCM. Na swali lenyewe ni maamkizi. Ni maamkizi ya Kiha hasa, yale marefu, ambayo anayeuliza lazima asimame asikilize jibu.

Mwaka 1935 Medvedkin alitoa filamu ndefu ya kuchekesha isiyo na sauti, iitwayo Furaha. Ndani yake mna mkulima fukara, Khmyr, ambaye mkewe Anna anamtuma aende duniani akaitafute furaha. Ana farasi mwenye madoa ambaye kwa njaa anapanda juu ya paa la nyumba na kula nyasi za paa. Mkulima anapokata tamaa na kutaka kufa, wakubwa wanaingiwa na hofu na kumkataza, maana akifa yeye wao watalishwa na nani? Sergei Eisenstein, aliyekuwa bingwa wa filamu aliyejulikana duniani kote, aliisifu sana kazi hiyo. Sisi tulipoiona tulicheka, kisha tukanyamaza. Mkulima yule asiyeruhusiwa hata kufa kwa ajili ya deni la mavuno hakuwa mgeni kwetu. Babu yetu alitusimulia kwamba manamba aliyeugua kambini aliulizwa kwanza siku zake za mkataba zimebaki ngapi.

Lakini tutakuwa hatumtendei haki msomaji tukimsifu Medvedkin na kuishia hapo. Garimoshi lake lilipita Ukraina mwaka 1932, katika sehemu za Dnepropetrovsk na Krivoy Rog. Mwaka huohuo na uliofuata, nchi hiyo ilipatwa na njaa iliyoua mamilioni ya watu, njaa iliyotokana na serikali kuwanyang'anya wakulima nafaka zao na kuwalazimisha kuingia katika mashamba ya ushirika. Filamu za garimoshi zilisema wazi juu ya bweni chafu, mtambo mbovu na kiongozi mzembe. Hazikuweza kuuliza kama mpango wenyewe ulikuwa wa haki. Medvedkin aliamini katika chama chake mpaka mwisho wa maisha yake, na bila shaka aliona kwamba akimkosoa mzembe mmoja mmoja ataunusuru mpango wote. Nasi hatumhukumu kwa urahisi, kwa kuwa tulikuwamo katika kiwanja kile, tukapiga makofi trekta lilipopita, hali tuliijua migomba ya bibi imeachwa wapi.

Hata yeye hakusalimika. Mwaka 1938 alitengeneza filamu iitwayo Moskva Mpya, juu ya mipango ya kuujenga upya mji mkuu. Katika filamu hiyo kuna tukio ambalo picha za mpango huo zinaonyeshwa kinyume, na mbele ya wageni wa heshima majengo mapya yanatoweka na makanisa ya kale yanarudi mahali pake. Wakubwa hawakucheka, na filamu ikazuiwa. Filamu za garimoshi nazo zilipotea katika maghala kwa miaka mingi, mpaka baadhi yake zilipopatikana tena na watafiti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Medvedkin alikuwa katika uwanja wa mapigano, na huko alifanya jambo linalofanana na ndoto yake ya kwanza: aliwafundisha askari wa kawaida kupiga picha za filamu, wakapiga vita jinsi walivyoviona wenyewe.

Aliyelifufua jina lake duniani alikuwa Mfaransa Chris Marker. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo huko Besançon, Ufaransa, baada ya mgomo wao wa mwaka 1967, walianza kutengeneza filamu zao wenyewe pamoja na Marker na wenzake, na kundi lao likaitwa kwa jina la Medvedkin. Mwaka 1971 Marker alimrekodi mzee huyo akisimulia habari za garimoshi, na mwaka 1993, baada ya mzee kufariki na baada ya dola aliyoiamini kuvunjika, akatoa filamu ndefu kwa mtindo wa barua alizomwandikia marehemu. Hiyo ndiyo tuliyoiona sisi, katika onyesho dogo huko Dar es Salaam, watazamaji hawazidi 20. Tulikuwa tumeingia ndani kwa kukimbia mvua. Tulitoka tukikumbuka sauti ya bibi.

Miaka ile tulikuwa tukifundisha Kibondo, na huko swali la bibi lilitujia tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Baada ya mauaji ya rais wa Burundi mwezi Oktoba 1993, malaki ya watu walivuka mpaka na kuingia mkoani Kigoma. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi, wengine wakapokelewa Nyarugusu na wengine Nduta wilayani Kibondo. Kila mara wapiga picha walikuja kutoka pande zote za dunia. Hatusemi kwamba walifanya vibaya, kwa kuwa picha zao ziliamsha huruma na kuleta chakula. Siku moja mama mmoja alitusimamisha njiani. Alisema kwa Kirundi, lugha ambayo Mha huielewa bila mkalimani: "Mwalimu, juzi nilipigwa picha na mwanangu mgongoni. Picha ile imekwenda wapi? Nilitaka nijione kama nimekonda hivyo wanavyosema." Hatukuwa na jibu la kumpa. Picha yake yaelekea ilionwa na watu wengi wa nchi za mbali, na katika watu hao wote yeye hakuwamo.

Hapa ndipo tunapoona kwamba jambo hili ni la utamaduni, wala si la mitambo. Utamaduni ni mazungumzo ya watu juu ya maisha yao wenyewe. Mwimbaji wa ngoma akikosea jina la babu wa mtu, wazee humsahihisha papo hapo, na wimbo huendelea ukiwa umenyooka. Msimuliaji akitia chumvi kupita kiasi, watoto humcheka. Sanaa zetu zote zilifanyika mbele ya wale zinaowahusu, nao walikuwa na haki ya kujibu. Sinema ilipokuja kwetu ilikuja bila haki hiyo. Alichokiwaza Medvedkin, pamoja na upungufu wote wa zama zake na wa chama chake, ni kuirudishia sinema haki hiyo: aliyepigwa picha awe mtazamaji wa kwanza, na akishatazama apewe nafasi ya kusema.

Siku hizi mambo yamekuwa rahisi. Televisheni, ambayo Zanzibar iliitangulia Bara kwa miaka 20, ilianza Bara mwaka 1994. Na leo kijana wa Kasulu hubeba katika mfuko wa shati kile ambacho Medvedkin alikihitaji mabehewa matatu kukibeba: simu yake inaona, inaunganisha na kuonyesha. Arusi zinapigwa, ngoma zinapigwa, mazishi yanapigwa. Ila aghalabu picha hizo hutumwa mbali, kwa ndugu walioko mijini na kwa watu wasiojulikana, na ni mara chache kijiji kuketi pamoja kikajitazama na kubishana. Chombo tunacho. Kilichobaki ni desturi ya kukitumia.

Kwa sababu hiyo tulijaribu jambo dogo, na tunalieleza hapa si kwa kujisifu, bali kwa kuwa lilitufunza. Bibi alifariki mwaka 1984. Hatuna picha yake hata moja. Tulimchukua mpwa wetu na simu yake, tukapanda mpaka kwenye mgongo wa kilima tulikohama. Njia ilikuwa imezibwa na majani. Tulikuta mawe matatu ya jiko, shimo lililokuwa ghala, na chini kidogo fungu la migomba iliyojiotea yenyewe, myembamba, ikishindana na magugu. Tulipiga picha kila kitu, na katika filamu hiyo sisi tulieleza kwa sauti: hapa palikuwa nyumbani, hapa palikuwa zizi, hii ni migomba ya bibi.

Jioni ya Jumamosi tulitundika shuka katika kiwanja kilekile cha shule. Walikuja watu wengi, na katika hao wazee waliohama wakiwa watu wazima hawakuzidi saba. Filamu ilichukua dakika 11. Ilipokwisha tuliuliza, kama Bwana Sinema alivyouliza, kama kuna mwenye swali. Mama mmoja mzee, ambaye utotoni tulimjua kama rafiki wa bibi, akainua fimbo yake. "Hamkuuliza mtu," alisema. "Hiyo si migomba ya bibi yenu. Hapo palikuwa kwa mume wangu. Kwa bibi yenu ni ng'ambo ya mwamba, palipo na mti mkubwa. Mmetuonyesha uongo, wajukuu zangu, ingawa hamkukusudia."

Mzee mwingine akabisha, akasema mti huo ulikatwa kabla ya kuhama. Wa tatu akasema miti ilikuwa miwili. Vijana waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi na kuketi. Majina ya watu waliokufa zamani yalitajwa usiku ule, majina ya mito midogo, ya ng'ombe, na ya mtoto aliyezaliwa njiani siku ya kuhama, ambaye ilikuja kujulikana kuwa ni mwenyekiti wetu wa kitongoji, naye yumo kiwanjani. Jenereta iliishiwa mafuta na mazungumzo yakaendelea gizani.

Tunashauri basi kwamba wenye dhamana ya utamaduni katika wilaya zetu wasingoje fedha nyingi. Waliohama mwaka 1972 wakiwa na akili timamu wamekwisha kuwa wachache, na kila msimu wa mvua tunawazika wengine. Vijana wapewe kazi ya kuwapiga picha, na filamu ionyeshwe kwanza katika kijiji chake, isahihishwe na wenyewe, kisha nakala ihifadhiwe mahali ambapo haitapotea kama zilivyopotea zile za garimoshi. Yasipigwe ya kupendeza tu. Ya kisima yasemwe, na ya migomba yasemwe.

Sisi tulipanda tena kilimani asubuhi ya Jumapili. Safari hii yule mama mzee alitangulia mbele akishikwa mkono na mpwa wetu, na simu tukaifungua pale tu alipotuambia tuifungue.